Uwanja wa Nyumba Namba 27: Sehemu ya Sita

Mashine ilikuwa inanguruma, na Bi. Marlene Hutchcraft hakusogea.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au jirani yako aliliazima na hakulirudisha, hali ilikuwa hivi. Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, mwenyekiti wa Jumuiya ya Wenye Nyumba ya Pecan Bluff, huku kwetu kaskazini ya Dallas, alipita geti la pembeni akaingia ua wa nyuma wa Ramiro Armendáriz. Mkononi alikuwa na kiti cha kukunja, mwavuli mweupe na chupa ya chai ya baridi. Akakifungua kiti katikati kabisa ya uwanja uliochimbwa, juu ya kokoto ambazo hazijashindiliwa bado, akaketi na kupandisha mguu juu ya mguu.

Hatua tatu mbele yake, mashine ya kushindilia ilikuwa inarukaruka mikononi mwa fundi mkuu, Viliami Fonua, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mkazi wa Euless, mwenye mabega ya upana wa mlango wa gereji.

"Endelea!" Bi. Marlene alimpigia kelele. "Nipitie juu! Nataka nione kama utaweza!"

Viliami alimtazama Ramiro. Ramiro alimtazama Bi. Marlene. Ng'ambo ya uzio, hata mbwa wa jirani alinyamaza.

"Zima," Ramiro alisema.

Mashine ikazimwa. Vumbi la mawe likatua taratibu kwenye mwavuli.

Sasa, Ramiro si mkorofi. Ni fundi wa viyoyozi aliyestaafu, mtu ambaye kwa miaka thelathini alipanda kwenye mapaa ya watu kwenye joto la Agosti na hakuwahi kumtukana mteja. Lakini mwezi wa Novemba mkewe Yolanda, mwalimu wa michezo wa zamani, alipigwa na kiharusi akiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Upande wa kulia ukalala. Daktari alimwambia Ramiro kwamba mwili ukisukumwa ndani ya miezi sita ya mwanzo, hurudi. Ukiachwa, huzoea kulala.

Ramiro hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Yolanda alikuwa amecheza tenisi maisha yake yote. Basi atajengewa uwanja wake mdogo nyuma ya nyumba, wa nyasi bandia, laini kama godoro, ili akianguka asivunjike. Ramiro akajaza fomu. Akajaza nyingine. Kibali kilipotoka, mwezi wa tano wa ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na sasa lori lenye majora manne ya nyasi lilikuwa nje, na mwenyekiti yumo ndani ya shimo.

"Bi. Marlene," Ramiro alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi, "kosa langu ni nini tena?"

"Si lako. Ni la rangi." Akatoa kwenye mkoba kadi yenye vipande ishirini vya kijani. "Kibali chako kinasema Kijani Tulivu. Nimepita pale kwenye lori nikapima. Kile ni Kijani Changamfu."

"Ni kijani, mama!"

"Hata chura ni kijani, Bwana Ramiro. Hatujampa kibali."

"Agosti uliniandikia barua kwamba nyasi zangu za mbele zimekuwa za kahawia mno."

"Zilikuwa za kahawia."

"Jiji lilitukataza kumwagilia!"

"Jiji lina kanuni zake, na sisi tuna zetu."

"Kwa hiyo Agosti nilikuwa wa kahawia mno, na Aprili nimekuwa wa kijani mno."

"Unaona?" Bi. Marlene alisema kwa upole wa kweli. "Ndiyo maana tuna kadi."

Gordon Plessy, katibu wa Jumuiya, alikuwa amesimama nje ya geti kwa sababu ya viatu vyake vipya. Aliinua kitabu cha kanuni juu ya uzio na kusoma kifungu cha kumi na nne, sehemu ya tatu, kwa sauti ya kwenye mazishi. Kazi isimame. Suala lipelekwe kwenye kikao cha Jumamosi.

Viliami alivua glovu.

"Mzee, nisikilize," alimwambia Ramiro. "Jumatatu vijana wangu wanakwenda Waco. Tuna viwanja vitatu vya shule kule. Tukikatisha hapa leo, kurudi ni mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita?"

"Na hapo mvua isinyeshe. Udongo huu mweusi wa kwenu ukipata maji unavimba kama maandazi. Kazi yote ya chini itabidi irudiwe."

Mwezi wa sita. Ramiro aligeuka kulitazama dirisha la jikoni. Yolanda alikuwa ameketi pale, mpira mdogo wa mazoezi ukiwa mkononi, dirisha wazi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mfikishie Yolanda pole zangu," Bi. Marlene alisema akikunja kiti chake.

Yolanda alikuwa mita tatu kutoka hapo. Lakini tangu kiharusi kimpate, mtaa mzima ulikuwa umezoea kumsalimia kupitia mumewe, kama vile anakaa nchi nyingine na Ramiro ndiye balozi.

Bi. Marlene akaanza kutoka. Hapo ndipo Viliami alipovua miwani ya jua.

"Mama, samahani. Mimi na wewe tunafahamiana."

"Sidhani."

"Nyumba ya kona. Ndege wa shaba mlangoni."

Bi. Marlene, mwanamke ambaye aliwahi kumsimamisha dereva wa gari la zimamoto kumuuliza kwa nini ameegesha upande usioruhusiwa, alibadilika rangi. Ningeitafuta kwenye kadi yake, lakini kadi ile ilikuwa na kijani tupu.

"Umenifananisha," alisema. Na akaondoka bila mwavuli wake.

*

"Haya, nieleze," Ramiro alisema.

Viliami alikaa juu ya ndoo ya gundi. "Miaka tisa iliyopita. Siku ya Shukrani. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kula bata mzinga kwa ndugu zao. Mimi nilikuwa msukuma toroli tu. Tuliingia saa kumi na mbili asubuhi, tukang'oa nyasi zote za mbele, tukatandika bandia. Saa tisa tumeshafagia na kuondoka."

"Mbele ya nyumba?"

"Mbele."

Hapa lazima nikwambie, msomaji wangu, kwamba kanuni ya kwanza kabisa ya Pecan Bluff ni hiyo. Nyuma ya nyumba unaweza kutandika bandia kwa kibali. Mbele ya nyumba ni nyasi za Mungu peke yake. Na kanuni hiyo aliiandika Bi. Marlene.

"Vili, haiwezekani," Ramiro alisema. "Yule mama anazimwagilia maji."

"Alituagiza tumwachie mabomba ya kumwagilia."

"Anazikata! Kila Jumamosi, na mashine! Mimi nimemwona kwa macho yangu!"

"Mzee, mimi kazi yangu ni kutandika. Watu wakishatandikiwa wanazifanya nini, siulizi."

Ramiro alikaa kwenye ndoo ya pili. Alikuwa anafikiria lile bango dogo la mbao, Bustani ya Mwezi, ambalo Jumuiya humsimikia mshindi wa kila mwezi, na ambalo kwa miaka tisa lilikuwa limesimama pale kwenye kona mara nyingi kuliko nyumba zote ukizijumlisha. Mimi ninayekusimulia niliwahi kusimama mbele ya bustani ile na kumuuliza Bi. Marlene siri yake. Alinijibu, "Upendo, na kuamka mapema."

Saa tisa alasiri Ramiro alikuwa anapita kwenye kona kwa mguu. Alipofika mbele ya ndege wa shaba aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti, na buti za Ramiro hazina kamba.

Alishika unyasi mmoja na kuuvuta. Haukutoka. Akavuta kwa nguvu. Kipande cha bustani, upana wa sinia, kikainuka chote pamoja na kurudi chini kama zulia.

Mlango ukafunguliwa.

"Umepoteza kitu, Bwana Ramiro?"

"Imani tu, Bi. Marlene."

Mwanamke yule alitazama kulia, akatazama kushoto. "Ingia ndani. Haraka."

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya limau. Hawakukaa.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Unajua ninachotaka."

Bi. Marlene alitazama nje kupitia pazia. "Ile rangi yako," alisema hatimaye. "Nikifikiri vizuri, ukiitazama kivulini inaweza kuonekana tulivu."

"Tulivu sana."

"Niliitazama juani. Hilo lilikuwa kosa langu."

"Sote tunakosea."

"Mnaweza kuendelea na kazi kesho. Jumamosi nitalimaliza kikaoni kwa dakika mbili." Akampa mkono. Ramiro akaupokea. "Na yule fundi wako mkubwa?"

"Yule haulizi, wala hasemi."

Hivyo ndivyo Ramiro Armendáriz, ambaye wiki tano zilizopita tulimsikia akiapa kuupigania ukweli mpaka kwa jaji, alivyouweka ukweli mfukoni na kunywa glasi nzima ya chai ya baridi. Usimlaumu haraka. Alikuwa anafikiria mkono wa kulia wa mkewe.

Alifika nyumbani karibu anakimbia.

"Tumeshinda, Yola! Kesho wanatandika!"

Yolanda aliinua macho. Alifungua kinywa. Siku hizi maneno yake hutoka moja moja, na kila moja huchukua muda kama linatafutwa kwenye droo. Alikuwa amepata la kwanza, "Ramiro," na la pili lilikuwa njiani.

Lakini Ramiro alikuwa ameshampigia Viliami simu na kutoka nje nayo.

*

Ijumaa ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Kokoto zilishindiliwa mpaka ukipiga kisigino unasikia maumivu. Kitambaa cha kuzuia magugu kikatandikwa. Majora yakafunguliwa moja baada ya jingine, maungio yakapakwa gundi, na vijana wa Viliami wakatembea juu yake kwa magoti wakiyabana kwa vidole. Kufikia saa tisa nyuma ya nyumba namba ishirini na saba kulikuwa na kijani ambacho hakikuwa tulivu hata kidogo. Kilichobaki ni kumwaga mchanga, kupiga ufagio na kufunga wavu.

Ramiro alivua viatu na kutembea juu yake kwa soksi. Alilia kidogo. Viliami alijifanya anakagua toroli.

Jumamosi saa tano asubuhi watu arobaini tulikuwa tumejaa kwenye ukumbi wa Jumuiya, ule ulio kando ya bwawa, tunakula mikate ya soseji na kulalamikia kahawa. Ramiro alikuwa amevaa tai. Viliami alikaa nyuma kwa sababu viti vya mbele havikumwamini. Yolanda alikuwa mwisho wa safu ya kwanza na fimbo yake, na watu waliopita walimuuliza Ramiro, "Anaendeleaje?"

Bi. Marlene alisimama. Nywele zake zilikuwa zimetengenezwa kama kofia.

"Suala la kwanza, nyumba namba ishirini na saba," alisema. "Baada ya utafiti wa kina, na baada ya kuitazama rangi husika katika mwanga unaofaa, ninapendekeza—"

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Alikuwa Trudy Vandiver, anayekaa mkabala na Bi. Marlene. Alikuwa anahema, na taulo la bwawani limening'inia shingoni.

"Marlene! Bustani yako!"

"Imefanya nini?"

"Inatoa moshi!"

"Nyasi zinaungua?" mtu aliuliza.

Trudy alisimama. Uso wake ulikuwa uso wa mtu mkweli ambaye hajapata neno. "Haziungui," alisema. "Zinayeyuka."

Ukumbi ulitoka wote. Nimekaa Pecan Bluff miaka kumi na minne na sijawahi kuona watu wa hapa wakikimbia bila kuvaa viatu vya kukimbilia.

Kutoka mbali tulisikia harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Kisha tukaona. Katikati ya bustani iliyoshinda mashindano yote ya mtaa kulikuwa na mstari mpana unaong'aa, na kwenye mstari ule nyasi zilikuwa zimelala, zimeshikana na kuwa uji wa kijani unaofuka. Bango la Bustani ya Mwezi lilikuwa limeinama upande, mguu wake mmoja umezama.

Viliami alinyoosha kidole, si kwenye bustani, bali ng'ambo ya barabara.

"Yale madirisha," alisema. "Ni mapya?"

"Mwezi uliopita," Trudy alijibu. "Kwani vipi?"

"Vioo vya namna hiyo vinalirudisha jua lote nje. Linakusanyika mahali pamoja. Nyasi za kweli hazijali. Nyasi zetu sisi haziwezi."

"Lakini mimi sikuyataka madirisha haya!" Trudy alilia. "Niliandikiwa barua! Niliambiwa yale ya zamani hayalingani na mtaa!"

Watu arobaini waligeuza shingo kwa pamoja.

Bi. Marlene alikuwa ameshika bomba la maji. Alikuwa analimwagilia zulia lake kwa mara ya mwisho, na sketi yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Marlene," Trudy alisema taratibu, "hebu niambie. Hizi Jumamosi zote, na ile mashine. Ulikuwa unakata nini?"

Bi. Marlene alifunga maji kwanza.

"Mume wangu aliondoka Oktoba ya mwaka ule," alisema. "Mnamkumbuka Cleve. Nyasi zilikuwa zake, mimi sikujua hata zinakula nini. Zikafa wiki tatu baada ya yeye kwenda. Nilikuwa naamka naziona zimekufa mbele ya dirisha, na kila mtu anapita." Akajifuta mkono kwenye sketi. "Niliogopa barua."

"Barua ya nani?"

"Ya Jumuiya."

"Lakini barua za Jumuiya," Trudy alisema, "ni wewe unayeziandika."

"Najua," Bi. Marlene alisema. "Ndiyo maana niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani tungecheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka miaka tisa. Badala yake Trudy alivua taulo lake shingoni na kumpa ajifute.

"Gordon," Bi. Marlene alisema, "andika kwamba nimejiuzulu."

Gordon alikuwa na kalamu tayari.

*

Sasa wewe, kama Ramiro, unadhani mambo yameisha. Ramiro alikuwa ameshaanza kumnong'oneza Viliami habari za mchanga. Ndipo katibu alipokohoa.

"Kikao hakijafungwa," Gordon alisema. "Na suala la kwanza halijapitishwa. Bi. Marlene hakumaliza sentensi."

"Si alikuwa anasema 'ninapendekeza'?" Ramiro alilalamika.

"Alipendekeza kitu gani?"

"Sote tunajua!"

"Kanuni haijui. Bila kibali cha rangi, uwanja wako unatakiwa uondolewe. Tunahitaji mwenyekiti wa muda, na tunamhitaji leo."

Tulirudi ukumbini. Gordon aliuliza nani anajitolea, na pakatokea hali ambayo kila mtu aliyewahi kuhudhuria kikao anaifahamu. Watu arobaini waligundua viatu vyao. Mmoja alipokea simu ambayo haikulia.

Kisha mkono ukainuka kwenye safu ya kwanza.

Uliinuka polepole, unatetemeka kuanzia kiwikoni, na ulipofika usawa wa sikio ukasimama hapo hapo, haushuki.

Ulikuwa mkono wa kulia wa Yolanda.

Ramiro aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Miezi mitano alikuwa anaukanda mkono ule kila siku kwa mafuta ya kafuri na haukuwahi kuvuka bega. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Sidhani tulikuwa tunapiga kura, tulikuwa tunashangilia tu, lakini Gordon alihesabu makofi yale kama kura na kuandika kwamba amepita bila kupingwa.

Yolanda alikwenda mbele na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha Bi. Marlene. Ramiro alimkonyeza Viliami. Mwenyekiti mpya, msomaji wangu, analala upande wa pili wa kitanda chake. Nani mwingine mtaa huu ana bahati hiyo?

"Kuna tatizo dogo," Gordon alisema. "Mwenyekiti haruhusiwi kuamua ombi lake mwenyewe."

"Sikuomba... kitu," Yolanda alisema. Ukumbi ukatulia ili umsikie. Wengi wetu tulikuwa tunaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu vuli. "Mwombaji... ni Ramiro."

"Ndiyo, lakini nyumba ni ya wote wawili. Ulitia saini kama mwenye nyumba wa pili." Gordon alifungua jalada. "Hapa, ukurasa wa tatu."

"Nione."

Alisukumiwa karatasi. Yolanda alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hana haraka hata kidogo. Nilimwona Ramiro akilegeza tai.

"Tarehe?" Yolanda aliuliza.

"Kumi na tisa Novemba."

"Siku hiyo... nilikuwa hospitali. Nalishwa... kwa kijiko." Akavua miwani. "Hii si... saini yangu."

Mtu aliangusha kikombe cha karatasi.

"Pale nyuma," Yolanda aliendelea, na sasa alikuwa hamsemeshi Gordon, "palikuwa na pilipili zangu. Miaka... kumi na minane. Nilirudi kutoka hospitali, nikakuta umezing'oa. Nikataka kuuliza. Kila nikipata neno... wewe uko kwenye simu." Akavuta pumzi. "Nani... alikuambia mimi nataka tenisi? Nilicheza... kwa sababu ya kazi. Siipendi, Ramiro. Sijawahi... kuipenda."

Lo! Ukumbi mzima tulimgeukia Ramiro. Na ninaapa kwamba kama mtu yule angesema kweli wakati ule, tungemsamehe sote kabla hajakaa. Angesema tu, "Nilitia saini mimi, niliogopa kukupoteza, sikujua kitu kingine cha kufanya." Bi. Marlene mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo la Trudy mabegani, alikuwa anamtikisia kichwa kumhimiza: sema, sema.

"Mwombaji wa nyumba namba ishirini na saba," Yolanda alisema. "Simama."

Ramiro alisimama.

"Nani alitia saini... hapa?"

Alimtazama mkewe. Alitazama dirisha, upande ambao nyumba yake ipo, na majora manne yamelala juani yakisubiri mchanga tu. Nyuma ya ukumbi Viliami alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wewe, Yola," Ramiro alisema kwa upole. "Ulitia saini kitandani. Mimi nilikushikia karatasi. Ni ugonjwa tu, mke wangu. Hukumbuki."

Feni ya dari ilikuwa inasikika.

Yolanda hakupandisha sauti. Aliirudisha miwani machoni kwa mkono wa kulia, na safari hii mkono haukutetemeka.

"Gordon," alisema. "Andika... alivyosema. Neno kwa neno." Akaisawazisha karatasi mbele yake. "Kisha funga mlango. Hakuna... anayetoka."